Barua ya Elizabeth Blackwell

Wadau, kila msimu wa maombi ya vyuo naona watu wanahaha kutafuta barua ya utambulisho yenye sahihi ya mheshimiwa. Mheshimiwa mwenyewe hata hawajui! Huwa nawasimulia kisa cha Elizabeth Blackwell.

Mwaka 1847 dada huyu alitaka kusomea udaktari Marekani, na vyuo vikawa vinamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Dk. Joseph Warrington wa Philadelphia alikuwa amemruhusu kutumia maktaba yake na kutembelea wagonjwa wake. Huyo ndiye aliyemwandikia barua kwenda Geneva Medical College, jimbo la New York.

Walimu wa Geneva hawakumtaka. Lakini utamkataliaje daktari anayeheshimika, tena anayemzungumzia mtu aliyemwona akisoma na kufanya kazi? Hapo ndipo naona nguvu ya barua ile. Wakatafuta ujanja: wanafunzi wasomewe barua, wapige kura, na sauti moja tu ya hapana itoshe kumkataa.

Vijana wakadhani ni utani, wakaitikia ndiyo kwa kelele. Stephen Smith, aliyekuwa mwanafunzi mle ndani, alisimulia baadaye kwamba kuna mmoja alinong'ona hapana kutoka kwenye kona. Wenzake wakamvamia mpaka akabadili kura. (Demokrasia hiyo!)

Januari 23, 1849 Blackwell akahitimu akiongoza darasa, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari Marekani.