Mchoraji Naye ni Mtu

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la kitoto, nalo ni manga. Manga ninayoisema si ile nchi ya Uarabuni waliyoitaja wazee wetu, wala si pilipili manga ya kwenye pilau. Ni jina la Kijapani la hadithi za picha, na huko Japani huzisoma wakubwa kwa wadogo.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni mpwa wangu anayekaa kwangu. Kila Jumapili, ikifika saa kumi na mbili jioni, huja sebuleni na simu mkononi na kusema: "Mjomba, sura imetoka." Saa hiyo mjini Tokyo ni saa sita ya usiku, Jumatatu ndiyo inaingia. Kampuni ya Shueisha, inayochapa jarida la Shonen Jump, ilianzisha programu ya simu iitwayo MANGA Plus mwezi Januari 2019, na tangu hapo mtu aliye huku kwetu huweza kusoma sura mpya siku ile ile inapotoka kwao.

Hadithi tunayoifuata ni Kagurabachi ya Takeru Hokazono, iliyoanza Septemba 2023. Inamhusu kijana Chihiro, mwana wa mhunzi aliyefua panga sita za ajabu zilizokomesha vita. Wachawi wakamwua yule mhunzi na kuziiba panga zake. Mwana akabaki na upanga wa saba, uliokuwa siri, akaondoka kwenda kuzitafuta zile sita. Tunaisoma kwa Kiingereza, nami humfasiria mama yangu, ambaye katikati ya juma huniuliza: "Huyo mtoto bado hajazipata panga za babaye?"

Basi Jumapili moja tulifungua simu tukakuta hakuna sura, mchoraji amepumzika juma hilo. Mpwa wangu alikasirika, akasema huyo mchoraji ni mvivu. Nikamwambia akae chini. Niliyomweleza siku ile ndiyo ninayowaeleza nanyi leo.

Majarida ya manga ya kila juma kwa ajili ya wavulana yalipata nguvu mwaka 1959. Tarehe 17 Machi mwaka huo, kampuni mbili zilitoa majarida yao siku moja: Shonen Magazine na Shonen Sunday. Shonen Jump lilikuja baadaye, mwaka 1968, likianza na nakala 105,000 tu. Mwaka uliofuata likawa la kila juma.

Jarida hilo lilijijenga kwa kumpa msomaji sauti. Ndani ya kila toleo huwekwa kadi ya posta, na msomaji hutaja humo hadithi tatu alizozipenda kuliko nyingine, kisha huituma. Wahariri huhesabu. Inayopendwa hupewa nafasi, na inayokosa kura hufungwa, na zipo zilizofungwa kabla ya kutimiza hata sura ishirini, mashujaa wake wakaachwa njiani.

Kadi hizo ziliweza hata kugeuza mkondo wa hadithi. Akira Toriyama alipoanza Dragon Ball mwaka 1984, ilikuwa safari ya kichekesho ya mtoto mwenye mkia. Kura zilipopungua, yeye na mhariri wake Kazuhiko Torishima wakaigeuza kuwa hadithi ya mafunzo na mashindano ya kupigana, na wasomaji wakarudi kwa wingi. Iliendelea hadi 1995, na toleo moja la Shonen Jump la namba za mwanzo za mwaka huo lilichapwa nakala milioni 6.53, kiasi ambacho jarida halijapata kukifikia tena.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini wasisubiri hadithi imalizike wakanunua kitabu kizima? Jibu ni kwamba anayefuata sura kwa sura huishi pamoja na hadithi. Mwaka 1970, katika hadithi ya bondia iitwayo Ashita no Joe, alipokufa Rikiishi, mpinzani wa shujaa, watu wapatao 700 walikusanyika tarehe 24 Machi katika ofisi za kampuni ya Kodansha kumfanyia mazishi. Mtu wa wino na karatasi alizikwa kama jirani.

Na kuna habari ya Sendai. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la ardhi na mawimbi ya bahari viliikumba pwani ya kaskazini mashariki ya Japani. Barabara zilikatika, majarida hayakufika. Mjini Sendai palikuwa na duka dogo la vitabu lililofungua milango siku chache baada ya maafa, na watoto wakawa wanakuja kuuliza kama Shonen Jump imefika. Mteja mmoja aliyekuwa amenunua toleo jipya katika mkoa jirani wa Yamagata akaliachia duka nakala yake. Mwenye duka akabandika tangazo kwamba nakala ipo, waje waisome. Watoto zaidi ya mia moja wakaisoma nakala ile moja, wakipokezana hadi ikachakaa. Katika siku zile ambazo hakuna aliyejua kesho itakuwaje, watoto wale walipata angalau kitu kimoja kilichokuja kwa zamu yake kama zamani.

Hiyo ndiyo neema ya sura ya kila juma. Lakini neema hiyo ina anayeilipia. Sura moja huwa na kurasa kumi na tisa hivi, na juma halina siku ya nane. Yoshihiro Togashi alianza Hunter x Hunter mwaka 1998, na kwa miaka mingi amelazimika kusimama mara kwa mara kwa maumivu ya mgongo. Kentaro Miura aliianza Berserk mwaka 1989 akafariki Mei 2021, akiwa na miaka 54, kwa kupasuka mshipa mkuu wa damu, hadithi ikiwa haijakwisha. Sisemi kwamba kazi ndiyo iliyomwua. Hayo ni ya Mungu na madaktari. Rafiki yake Kouji Mori, ambaye alikuwa amesimuliwa na marehemu mwisho wa hadithi, aliiendeleza pamoja na wanafunzi wake kuanzia Juni 2022.

Nikamwambia mpwa wangu: sisi wa mbali hatutumi kadi, lakini kelele zetu zinasikika. Kagurabachi yenyewe ilipoanza, wasomaji wa nchi za nje ndio walioipigia debe, wengi wao kwa utani. Utani ukageuka kweli, na mwaka 2024 ikashinda, katika kundi la manga za kuchapwa, tuzo ambayo washindi wake huchaguliwa kwa kura za wasomaji. Sasa ikiwa kelele zetu zina nguvu ya kumpandisha mtu, zina nguvu ya kumvunja pia. Mwenye kura asiite uvivu kile kinachoweza kuwa mgongo unaouma.

Alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Sasa mjomba, Jumapili hii tusome nini?" Tukarudia sura ya kwanza, ile ya baba na mwana kabla ya msiba, na mama yangu akasikiliza tangu mwanzo. Akasema sasa ndiyo ameelewa kwa nini mtoto yule hacheki.

Wasikilizaji wapenzi, tuisubiri sura ijayo kwa hamu, lakini ikichelewa, tumwombee afya anayeichora. Hadi juma lijalo, kwaherini.