Tarehe Zilizosubiwa Katika Chuma

Katika mwaka wa 1964 Pontiac, tawi la kampuni ya General Motors ya Marekani, ilitia injini kubwa katika motokaa ya umbo la wastani, ikaiita GTO. Hapo ndipo wengi huanzia kuhesabu zama za motokaa ambazo Wamarekani huziita za misuli. Bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wa kijana mwenye mshahara wa kiasi, na nguvu zake zilizidi haja ya barabara yoyote. Zama hizo hazikudumu. Ada za bima zilipanda, sheria ya hewa safi ya 1970 iliwabana waundaji, na uhaba wa mafuta wa 1973 ukamaliza yaliyosalia. Zile zilizookoka leo ni tunu, na thamani yake hutegemea swali alijualo vema kila mwanahistoria: je, kilichomo ndicho kilichokuwamo tangu mwanzo?

Chukua Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969, ambayo zilitengenezwa 20,302. Waliosubu bloku la injini yake hawakukusudia kuandika historia. Walitaka tu, kasoro ikionekana, waijue siku iliyotokea. Basi katika kalibu waliweka herufi ya mwezi, kuanzia A ya Januari hata L ya Desemba, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 14 9 ni tarehe 14 Machi 1969. Injini ilipounganishwa huko Flint, Michigan, ilipigwa chapa ya V, mwezi, siku na herufi DZ. Tena, kwa motokaa za tangu 1968, sehemu ya namba ya motokaa yenyewe. Altaneta ilikuwa na mpango wake: mwaka ulitangulia, ukafuata mwezi, kisha siku.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni moja kali. Bloku husubiwa kwanza, injini huunganishwa baadaye, motokaa hutoka kiwandani mwisho. Injini iliyounganishwa baada ya motokaa kutoka haikuzaliwa nayo. Hilo halina ubishi. Lakini iliyotangulia haithibitishi kitu ila kwamba jambo hilo lingewezekana. Wanunuzi wengi husahau tofauti hii, na wauzaji hawana haraka ya kuwakumbusha.

Tarakimu moja ya mwaka nayo ina hila yake, kwani 9 yaweza kuwa 1969 au 1979. Bloku la namba 3970010 liliendelea kusubiwa miaka mingi, hivyo namba hiyo peke yake haikati shauri.

Thamani ilipopanda wakatokea waghushi. Uso mdogo wa kupigia chapa ulilainishwa kiwandani kwa mashine iliyoacha mistari myembamba iliyo sambamba. Asagaye maandishi ya zamani husaga na mistari, na mjuzi mwenye taa huitazama mistari kabla ya kuzisoma namba.

Lakini kuna upotofu mwingine usio na hatia mbele ya sheria, nao pengine ni mbaya zaidi. Z/28 ilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya Trans-Am, na baadhi ya wenyewe hawakuihurumia. Injini iliyovunjika ndani ya muda wa dhamana ilibadilishwa, na bloku jipya likapigwa chapa ya CE. Mwenye motokaa ya namna hiyo leo hulitoa, huzunguka magulio ya Carlisle na Hershey huko Pennsylvania, akitafuta jingine lililosubiwa wiki chache kabla ya motokaa yake kutoka. Akilipata, tarehe zote hupatana, na motokaa husimulia maisha ambayo haikuyaishi. Bloku la CE lilikuwa shahidi wa kweli: lilieleza kwamba kijana fulani aliiendesha motokaa yake kupita kiasi, na kampuni ikagharimia. Soko hulipa upatanifu kuliko ushahidi. Bloku hilo huachwa pembeni mwa karakana, na kwa kuwa aghalabu halikupigwa namba ya motokaa, mwenyewe akisha kufariki hakuna awezaye kulirudisha lilikotoka.