Asili ya kitenzi 'go' na siri ya 'went'

KITENZI 'go' cha Kiingereza, chenye maana ya kwenda, huwatatiza wanafunzi kwa jambo moja: katika wakati uliopita hugeuka kuwa 'went', neno lisilofanana nacho hata kidogo. Kiini ni kwamba hivyo vilikuwa vitenzi viwili tofauti.

Katika Kiingereza cha Kale, kabla ya mwaka wa 1100, 'go' kilikuwa 'gan', na wakati uliopita ulikuwa 'eode', neno lenye shina jingine kabisa. 'Went' ilikuwa mali ya 'wend', kitenzi kilichomaanisha kugeuka, na baadaye kushika njia. Muundo wake ni ule ule wa 'send' na 'sent'. Kufikia karne ya 15, 'went' ilikuwa imechukua nafasi ya 'eode', nacho 'wend' kikatafutiwa umbo jipya, 'wended'.

Waskoti walipitia njia nyepesi, wakasema 'gaed'. Kwa hivyo, mtoto anayeandika 'goed' na kukatwa alama amefuata kanuni. Mazoea ya wazungumzaji ndiyo yaliyomponza. Kiswahili nacho kina ukaidi wake: 'kwenda' huamrishwa 'nenda', ingawa wengi mitaani husema 'enda'.