Nazi Kumi za Recife: Historia ya Kuchunguza Fikra za Mtu Anayehesabu

Mwaka 1908, mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré aliwasimulia wanasaikolojia wa Paris jinsi ugunduzi wake mmoja ulivyomjia. Alikuwa safarini na mazungumzo yalikuwa ya mambo mengine kabisa. Katika mji wa Coutances, alipoweka mguu kwenye ngazi ya gari la abiria, wazo lilimtokea ghafla, naye hakuwa na shaka nalo. Mwaka 1945 Jacques Hadamard alilitolea suala hilo kitabu kizima, baada ya kuwauliza wanasayansi wenzake jinsi wanavyofikiri. Albert Einstein alimjibu kwamba maneno hayakuonekana kuwa na nafasi katika mwenendo wa fikra zake. Ishara na taswira ndizo zilizotangulia, na maneno yalitafutwa baadaye kwa taabu.

Ushahidi huo ni wa thamani, lakini ni ushahidi wa mabingwa waliojitazama wenyewe. Tena, anayesimulia alivyofikiri huwa ameshalipata jibu, na jibu hulipanga upya kumbukumbu lake. Katika uchunguzi wa namna hiyo mpimaji wa mchele na mwuza nazi hawakuwa na pa kusemea.

Mlango mwingine ulifunguliwa Afrika. Mwaka 1962 wataalamu walikusanyika Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya ile iliyoitwa hisabati mpya kwa ajili ya shule za Afrika. Vitabu hivyo viliwakuta watoto ambao tayari walikuwa na hesabu zao. Nchini Liberia, John Gay, aliyekuwa mwalimu wa chuo, na mwanasaikolojia Mmarekani Michael Cole waliamua kuzichunguza hesabu za Wakpelle kabla ya kuuliza kwa nini watoto wao walishindwa darasani. Kitabu chao kilitoka mwaka 1967.

Wakpelle ni wakulima wa mpunga. Kipimo chao kidogo kiliitwa kopi, nacho kilikuwa kopo la bati. Kopi 24 zilijaza ndoo, na 44 zilijaza debe. Watafiti walipowaonyesha watu mabakuli ya mchele na kuwataka wakadirie idadi ya vikombe, Wakpelle wazima walikaribia ukweli kuliko Wamarekani, ambao walikosea kwa mbali. Walikuwa na sababu ya kuwa na jicho kali. Mfanyabiashara aliweza kununua kwa kopi iliyogongwa kitako kikatokeza nje, kisha akauza kwa kopi yenye kitako bapa. Wenyeji wa pwani ya Waswahili, waliotofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto, na waliojua kuwa pishi ni vibaba vinne, hawahitaji maelezo marefu juu ya hila hiyo.

Hata hivyo, makadirio ya mchele hayaonyeshi hatua za fikra. Yanaonyesha mwisho wake tu. Hatua zenyewe zilisikika Brazili. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti uliohusu watoto watano wa Recife, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, waliouza bidhaa mitaani na sokoni. Watafiti walijifanya wateja. Waliuliza bei, wakabadilisha idadi, wakadai chenji, na kuyafuatilia maneno ya muuzaji. Baadaye watoto hao hao walipewa hesabu hizo hizo kwa karatasi na kalamu. Mitaani walipata asilimia 98. Katika mafumbo ya maneno walipata asilimia 74, na katika hesabu tupu za tarakimu asilimia 37.

Kijana mmoja wa miaka 12 aliuza nazi kwa kruzeiro 35 kila moja. Alipoulizwa bei ya nazi kumi alianza na nazi tatu, ambazo ni 105. Akaongeza tatu nyingine, 210. Akaendelea hivyo hadi 350. Mwalimu anaweza kushangaa kwamba hakuongeza sifuri tu, lakini kila kituo cha njia yake kilikuwa fungu halisi la nazi alilozoea kuliuza. Nazi nne alizipigia hesabu ya 140 bila taabu. Alipoandikiwa 35 mara 4, alisema nne mara tano ni ishirini, akaweka mbili kichwani, akaijumlisha na tatu kuwa tano, kisha akazidisha kwa nne. Jibu aliloandika lilikuwa 200. Kanuni ya shule aliijua nusu, na hapakuwa na nazi ya kumzindua.

Kwa mwanaisimu, kisa hiki kina jambo la ziada. Hesabu ya mdomo hutangulia na kilicho kikubwa, na ya karatasi huanzia mkiani. Asemaye thelathini na tano amekwisha kulitenga fungu la thelathini, na kiunganishi "na" kimemwachia tano pembeni imsubiri. Kiswahili kimeuhifadhi mpangilio huo hata kilipochukua sita, saba, tisa na majina ya makumi kutoka Kiarabu na kuyaweka kando kenda na makumi mawili. Karatasi humtaka mtu huyo huyo aanze na tano.

Nchini Tanzania, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi kuanzia mwaka 1967, nacho kikapata istilahi za hisabati za kutosha darasani. Lugha rasmi ya kufundishia sekondari ilibaki Kiingereza. Mwanafunzi wa shule ya serikali aliyezidisha kwa Kiswahili miaka saba huingia kidato cha kwanza na kuikuta hisabati ile ile katika lugha nyingine. Mtihani huhesabu majibu yake yaliyoandikwa. Hatua alizozinong'ona kwa Kiswahili kabla ya kuandika haziingii katika alama.