Timu ndogo ya kikapu inaweza kupata mashabiki Bunia?

BUNIA – Katika Ituri, mpira wa miguu ndio unaovuta watu. Je, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya chini inaweza kuwatoa wakaaji wa Bunia nyumbani, wiki baada ya wiki?

Kikapu si mgeni Kongo. Wanawake wa Zaire walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994, wakacheza Olimpiki ya Atlanta 1996. Mwaka 2022, Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alipata ubingwa wa NBA na Golden State Warriors. Mwaka huohuo Espoir Fukash ya Lubumbashi ilicheza BAL, ligi ya vilabu vya Afrika. Vipaji vipo. Kazi ni kupata watazamaji.

Hata Marekani, penye pesa nyingi, kazi hiyo imewashinda wengi. NBA ilianzisha ligi yake ndogo mwaka 2001 kwa timu 8. Greenville Groove ilichukua ubingwa wa kwanza, 2002. Mwaka 2003 ikafungwa. Kati ya zile 8, hakuna iliyobaki katika mji wake wa mwanzo. Lakini Sioux Falls Skyforce, iliyozaliwa 1989 katika jimbo la South Dakota lisilo na timu ya NBA, inacheza mpaka leo, ingawa ligi yake ya kwanza ilishakufa. Kikombe peke yake hakikuiokoa Greenville. Sioux Falls watu waliona timu ni yao.

Bunia, neno “yetu” ni zito. Vita vya 1999 hadi 2003 viligawa kata kwa kabila, mpaka jeshi la Ulaya, operesheni Artemis, likaingia Juni 2003. Timu ya kabila moja ingepata washangiliaji haraka, lakini nusu ya mji ingebaki nyumbani, na kila mechi ingetonesha kidonda. Timu yenye vijana wa Mudzipela, Nyakasanza na Lumumba, pamoja na wale wa kambi ya wahamishwa ya Kigonze, ingekua polepole, ila kila mtu angekuwa na mtoto wake uwanjani.

Mengine ni ya kawaida. Tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na mama hawezi kuruhusu watoto warudi usiku: mechi iishe jua likiwa juu. Ratiba isomwe redioni na isibadilike ovyo. Familia iliyokimbia kijiji haiwezi kuchagua kati ya unga na tiketi, kwa hiyo watoto waingie bure, na gharama zibebwe na wafanyabiashara wengi, si tajiri mmoja ambaye akichoka timu inakufa.

Kwa masharti hayo, mashabiki watakuja. Wasipokuja mwaka wa kwanza, Sioux Falls inaonyesha kwamba timu hujengwa kwa miaka mingi.