Kuwafundisha Watoto Wadogo Historia ya Utumwa



Mtoto wa Nkome anayesoma shule asubuhi na madrasa jioni, ipo siku atauliza: "Ustadhi, ni kweli Waislamu waliuza watu?" Wengi wetu hunyamaza, wengine hukana. Yote mawili ni makosa. Mtoto akigundua kwamba alifichwa hili, atatilia shaka na mengine tuliyomfundisha.

Ukweli wenyewe

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Kutoka Tabora, njia nyingine zilielekea kaskazini, upande wa Usukuma na Karagwe. Wafanyabiashara wengi wa misafara hiyo walikuwa Waislamu, Waarabu na Waswahili. Anayejulikana zaidi ni Hamed bin Muhammed al-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905. Baadhi ya watawala wa bara nao waliuza mateka wa vita. Wengi waliouzwa walifanyishwa kazi katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

Mtoto asichanganye mtumwa na mpagazi. Wanyamwezi na Wasukuma wengi waliobeba mizigo ya misafara walikuwa watu huru, wakilipwa ujira, mara nyingi kwa nguo.

Dini inasemaje?

Uislamu uliukuta utumwa duniani. Haukuufuta kwa siku moja, bali ulifungua milango ya kuwaacha watumwa huru: ni ibada kubwa (Al-Balad, aya ya 13), ni kafara ya makosa kadhaa, na ni fungu katika zaka (At-Tawba, aya ya 60). Ama kumteka mtu huru na kumuuza, Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari inamtaja mwenye kufanya hivyo miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama. Hivyo dhulma ni dhulma, hata aliyeitenda akiwa anaswali.

Namna ya kufundisha

Miaka 5 hadi 7: anza na Bilal bin Rabah (r.a.), jinsi alivyoteswa Makka, Abu Bakr (r.a.) akamnunua na kumwacha huru, kisha akawa mwadhini wa Mtume (s.a.w.). Usimtishe mtoto kwa picha za minyororo.

Miaka 8 hadi 10: chora ramani ya njia za misafara, mweleze nani alinunua, nani aliuza na nani aliumia.

Umri wowote: kataza neno "mtumwa" lisitumiwe kumtania mwenzake kwa rangi au ukoo. Wala mtoto mwenye asili ya Kiarabu asisimangwe, kwani hakuna anayebeba dhambi ya babu yake.

Malizia kwa mtu wa tatu katika hadithi ile: aliyemwajiri mfanyakazi, akamaliza kazi, asimlipe ujira wake. Watoto wetu, ambao baba zao wanafanya kazi ziwani na machimboni, wataelewa haraka. Nasi wazazi tujiulize kama tumewalipa wanaotufanyia kazi.

Wallahu a'lam.