Banaba: udongo ulichukuliwa, majina ya vijiji yakabaki

Banaba ni kisiwa kidogo cha Bahari ya Pasifiki, kama kilomita za mraba 6 tu. Lakini udongo wake ulikuwa na fosfati, mbolea iliyotafutwa sana na wakulima wa Australia na New Zealand.

Tarehe 3 mwezi wa tano 1900, Albert Ellis, mjumbe wa kampuni ya Waingereza, aliwatilisha wakaaji alama kwenye karatasi: kampuni ichimbe miaka 999, ilipe pauni 50 kwa mwaka. Karatasi ilitaja mfalme wa kisiwa. Banaba haikuwa na mfalme. Kila shamba lilikuwa na mwenyewe, mwanamume ao mwanamke, na hakuna mkubwa aliyeweza kuliuza kwa niaba ya wote.

Mtafiti Mmarekani Martin Silverman, aliyefanya kazi kati ya Wabanaba miaka ya 1960, alionyesha kwamba kwao damu na udongo vilikwenda pamoja. Mtoto wa kulea alipewa shamba, na shamba hilo lilimwingiza katika ukoo. Kumnyang'anya mtu shamba kulikuwa kumkatia undugu.

Mwaka 1928 wenye mashamba walikataa kutoa mengine. Mtawala wa kikoloni, Arthur Grimble, aliwatisha kwa barua, kisha serikali ikayachukua kwa nguvu.

Vita vikafika. Wajapani waliteka kisiwa mwaka 1942 na kuwatawanya watu Nauru, Tarawa na Kosrae. Vita vilipoisha, Waingereza hawakuwarudisha kwao. Tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 1945 waliteremshwa Rabi, kisiwa cha Fiji, kama kilomita 2,000 kutoka Banaba. Walilala katika mahema, majira ya mvua na tufani. Rabi yenyewe ilinunuliwa kwa pesa za fosfati yao. Kule Banaba uchimbaji uliendelea hadi 1979.

Wabanaba walipeleka serikali ya Uingereza mahakamani London. Mwaka 1976 jaji aliwaonea huruma, lakini hakuipata serikali na deni la kisheria.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho mashine hazikuchimba. Vijiji vinne vya Rabi vinaitwa Tabwewa, Uma, Tabiang na Buakonikai: majina yale yale ya vijiji vya Banaba. Mtoto aliyezaliwa Fiji akiulizwa kijiji chake, anajibu kwa jina la nyumbani kwa babu yake.